Kiumbe, Mja, Binadamu na Mwana: Mtu Mbele ya Mungu katika Tenzi za Kikristo

Mabibo ni kitongoji cha Dar es Salaam chenye jina la tunda la mkorosho. Zamani kilihesabiwa katika Kinondoni, na leo kimo katika Wilaya ya Ubungo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakijua kwa mabweni yao, wachuuzi wakijua kwa soko la ndizi, na wazazi wengi wakijua kwa shule ya Loyola, ambayo mapadre wa Shirika la Yesu waliifungua mwaka 1995. Nyumba zake nyingi zimejengwa kwa namna iliyozoeleka mjini: vyumba vinatazamana, ukumbi mmoja uko katikati, na ua mmoja uko nyuma. Katika nyumba ya namna hiyo aghalabu chumba cha kulia ni cha Mwislamu na cha kushoto ni cha Mkristo, na wote huchota maji kwenye bomba moja. Mgonjwa akipona, jirani mmoja husema kwamba Mungu ni mkubwa, na wa pili huitikia kuwa ni kweli. Mgonjwa akifa, wote wawili huketi juu ya mkeka mmoja na kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Hapana anayesimama kuuliza ni Mungu wa nani aliyetajwa.

Mazoea haya ya uani yana maana kubwa kuliko yanavyodhaniwa. Limo ndani yake swali ambalo wanachuoni wa Kikristo wamelisumbukia kwa karne nyingi: je, uhusiano wa mtu na Mungu ni wa waumini wa kanisa tu, au ni wa kila mtu kwa kuwa ni mtu? Swali hili limezoea kujibiwa kwa vitabu vya elimu ya dini vilivyoandikwa Ulaya. Lakini Kiswahili nacho kina jibu lake, na jibu hilo limo katika msamiati wake na katika ushairi wake. Yafaa basi mhakiki aliangalie swali hili kwa macho ya fasihi, naye azichague tenzi za washairi Wakristo ziwe mahali pa kupimia.

Jambo la kwanza ni jina lenyewe. Kiswahili kimechukua kutoka Kiarabu majina mengi ya kumtukuza Mwenyezi, kama vile Rabi, Jalali, Manani, Karima na Kahari. Hata hivyo jina lililotia mizizi zaidi kinywani mwa watu ni Mungu, nalo ni neno la Kibantu. Wagogo na Wanyamwezi humwita Mulungu, na jamaa za neno hilo huonekana katika lugha nyingi za bara na pwani. Waislamu wa pwani walilikuta neno hili, wakaliweka kando ya Allah bila kuona aibu. Wakristo walipofika, walilikuta likitumiwa na Waislamu, nao wakalichukua. Kwa hiyo neno ambalo dini mbili kubwa za nchi hulitumia katika sala halikuletwa na hata moja kati yake. Lilikuwapo. John Mbiti wa Kenya, aliyekuwa padre wa Kianglikana na mwanachuoni, alishikilia katika vitabu vyake vya mwaka 1969 na 1970 kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya mmisionari kushuka chomboni. Kwa msemaji wa Kiswahili hoja hiyo haihitaji ushahidi wa mbali, kwa kuwa ushahidi umo katika neno analolitumia kila siku.

Jambo la pili ni la sarufi. Msemaji wa Kiswahili akisema kwamba Mungu anapenda au Mungu anajua, kiambishi anachokitumia hakitengi mume na mke. Katika lugha kadhaa za Ulaya pamekuwa na mabishano marefu juu ya kiwakilishi kinachomstahili Mwenyezi, kile cha mwanamume au kile cha mwanamke. Mabishano hayo hayana pa kusimama katika Kiswahili mpaka lifikiwe neno Baba. Na neno Baba lenyewe, katika desturi za nchi, ni pana. Mtoto ana baba mzazi, ana baba mkubwa na baba mdogo, na kila mmoja wao ana haki ya kumwonya na wajibu wa kumlisha. Yeyote anayemwita Mungu Baba kwa Kiswahili hutaja ubaba ambao tangu asili hauishii kwa mzazi na mtoto wake peke yao.

Jambo la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni maneno yanayomtaja mtu mwenyewe. Kiswahili kina maneno matatu mashuhuri ambayo kila moja humweleza mtu kwa kumlinganisha na asili yake. La kwanza ni kiumbe, litokalo katika kuumba. Nalo humtaja mtu kuwa ni kazi ya mkono wa mwingine, sawasawa na ndege na samaki. La pili ni mja, neno lipendwalo sana na washairi. Nalo humtaja mtu kuwa ni mtumwa wa Mungu, kama majina ya Kiarabu yanayoanza kwa Abdul yanavyomtaja. La tatu ni binadamu, ambalo ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyounganishwa, na maana yake ni mwana wa Adamu. Neno hili humpa mtu nasaba, na nasaba hiyo ni moja kwa watu wote. Mpare na Mhindi, mwenye nyumba na mpangaji wake, wote wamepewa babu mmoja kwa kutajwa tu.

Maneno haya matatu ni mali ya wote. Mwislamu huyasema, Mkristo huyasema, na mwenye kushika dini ya wazee wake huyasema. Walakini Mkristo ana neno la nne: humwita mtu mwana wa Mungu. Hapo ndipo njia zinapoachana, kwa maana Uislamu hukataa kumnasibisha Mwenyezi na mwana kwa maana yoyote ile. Basi kipimo cha utenzi wa Kikristo chaweza kuwekwa hivi: je, neno la nne huyafunga matatu yaliyotangulia, au huyafungua? Likiwa mwana ni cheo cha wachache kinachowafanya wengine wabaki viumbe tu, neno hilo limefunga. Likiwa ni heshima iliyokwisha kufichwa ndani ya kiumbe, ndani ya mja na ndani ya binadamu, limefungua.

Kabla ya kuzifikia tenzi zenyewe yafaa kukumbuka kwamba Ukristo wa Kiswahili ulianza kwa msaada wa mwanachuoni wa Kiislamu. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Unguja ameeleza mwenyewe, katika utangulizi wa kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, kwamba Sheikh Abdul Aziz alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi kabisa. Kazi hiyo haikufika mbali, kwa kuwa sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na tena Kiswahili chake kilikuwa cha kitaalamu mno kwa watu ambao Steere aliwakusudia. Lakini tendo lenyewe latosha kufikiriwa. Sheikh hakuiacha dini yake, wala Steere hakuiacha yake. Walikutana juu ya Zaburi, kitabu ambacho kila mmoja alikiheshimu kwa namna yake, na chombo cha kukutania kilikuwa lugha.

Utenzi nao ni chombo cha namna hiyo. Ni tungo ya beti za mishororo minne, kila mshororo mizani minane. Mishororo mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja, na wa nne huchukua kina cha bahari kinachorudi mpaka mwisho wa kisa. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ni miongoni mwa mifano ya kale inayojulikana. Washairi wa pwani waliutumia utenzi kusimulia vita vya Mtume, visa vya Manabii kama Ayubu na Yusufu, na mawaidha kwa watoto wao. Kwa desturi mshairi huanza kwa jina la Mungu na kwa kumhimidi, na mara nyingi humaliza kwa dua. Kwa hiyo bahari hii, tangu kuzaliwa kwake, imezoea kumweka mtu mbele ya Mungu.

Washairi wawili Wakristo waliichukua bahari hii kusimulia Enjili. Wa kwanza ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkatoliki, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Utenzi wake wa Enjili Takatifu ulipigwa chapa na misheni ya Ndanda mwaka 1963. Wa pili ni Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, aliyebatizwa mwaka 1943 akiwa kijana. Yeye alizitungia tenzi Enjili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume, na vitabu vyake vilitolewa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Wote wawili hawakuwa watu wa pwani, na wote wawili walikuwa na lugha nyingine ya mama. Wangaliweza kuifuata njia ya nyimbo za kanisa, ambazo kwa sehemu kubwa zimetungwa kwa kufuata tuni za Ulaya. Badala yake walikwenda kubisha hodi katika nyumba iliyojengwa na Waislamu.

Mwaka wa Mnyampala ni wa kuzingatiwa. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa tamko lake juu ya dini zisizo za Kikristo tarehe 28 Oktoba 1965, na ndani yake ukawataja Waislamu kwa heshima kuwa ni watu wanaomwabudu Mungu mmoja. Utenzi wa Mnyampala ulikuwa umekwisha kutoka miaka miwili kabla ya hapo. Haifai kudai kwamba mshairi wa Dodoma aliwatangulia maaskofu wa Roma kwa hoja, hakuandika hoja. Lakini aliyeisimulia Enjili kwa bahari ya Tambuka alikuwa amekwisha kukiri kwa vitendo kwamba maneno ambayo Waislamu walimtukuzia Mungu yafaa kumtukuzia Mungu. Ushairi hutangulia mara nyingi mahali ambapo hoja hufika baadaye.

Sifa hii isimfanye mhakiki asione hatari. Majina matukufu ya Mwenyezi yana miisho inayomfaa sana mtafuta vina. Jalali humpa mshairi kina cha li, Manani humpa ni, na Karima humpa ma. Hapo mtungaji mvivu, awe Mkristo au Mwislamu, hulitia jina la Mungu pale penye upungufu wa kina, na jina hilo likawa kiraka. Palipo na usanifu kila jina huwa na zamu yake. Katika kisa cha kulishwa makutano, Karima ndilo jina linalostahili, kwa sababu ni jina la ukarimu. Katika kisa cha hukumu, Kahari hupata mahali pake. Msomaji wa tenzi za Enjili hana budi kuuliza kila mara kama jina limekuja kwa maana au limekuja kwa kina. Kuazima kwa heshima ni kulijua deni, na mwenye kuyatumia majina ya jirani yake kama viraka hajaliheshimu deni hilo.

Basi turudi kwenye neno la nne. Tofauti kubwa kati ya Mnyampala na Nyerere ni ya mpango. Mnyampala ametunga utenzi mmoja wa Enjili. Nyerere amezitenga Enjili nne zikabaki nne. Kwa msomaji wa haraka huo ni urudiaji tu, kwa kuwa visa vingi hukutwa zaidi ya mara moja. Lakini kutenga huko kuna faida kubwa kwa jambo hili. Mathayo huianza nasaba ya Yesu kwa Ibrahimu. Ni nasaba ya taifa moja lililoahidiwa. Luka huifuata kinyumenyume, akapita kwa Ibrahimu asisimame, akafika kwa Adamu, na kutoka kwa Adamu akamfikia Mungu. Katika Luka, kwa hiyo, Adamu mwenyewe amewekwa katika nafasi ya mwana wa Mungu. Ikiwa ndivyo, neno binadamu halina umbali na neno la nne. Aliye mwana wa Adamu amekwisha kuingizwa katika ukoo huo, hata kabla hajaulizwa anasali wapi. Mpango wa vitabu vinne humwacha kila shahidi aanze pale anapoanzia yeye. Nao humfundisha msomaji kwamba mashahidi wanaweza kutofautiana na anayeshuhudiwa akabaki mmoja.

Hapa yafaa kutaja jibu jingine ambalo limepata sifa nyingi. Karl Rahner, Mjerumani wa Shirika lile lile lililofungua shule ya Mabibo, aliyefariki mwaka 1984, alifundisha kwamba neema ya Mungu humfikia hata asiyelisikia jina la Kristo, na kwamba mtu mwema wa dini nyingine aweza kuitwa Mkristo asiyejijua. Fundisho hili lilitoka katika moyo mkunjufu, nalo liliwaondolea wengi hofu ya kumwona jirani kuwa ni mtu aliyepotea. Lakini lipelekwe uani Mabibo likajaribiwe. Mama wa chumba cha kulia, anayefunga Ramadhani tangu utoto wake, akiambiwa na mama wa chumba cha kushoto kwamba yeye kwa kweli ni Mkristo ila hajijui, je, atahesabu kuwa ameheshimiwa? Naye akijibu kwa mafundisho yake kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, na kwa hiyo jirani yake kwa kweli ni Mwislamu ila wazazi wake walimgeuza, je, Mkristo atafurahi? Kila mmoja amemkaribisha mwenziwe ndani, lakini kwa kumvua nguo zake mlangoni.

Maneno matatu ya Kiswahili yana adabu zaidi. Hayamwiti jirani kwa jina asilolikubali. Kiumbe, mja na binadamu ni majina ambayo mwenye nayo huyaitikia mwenyewe. Mkristo anayeamini kwamba ndani ya majina hayo kuna uana wa Mungu aweza kuliamini hilo, kulisali na kuliishi, naye asimlazimishe jirani kulisema. Huo ndio upana unaofaa kutafutwa katika tenzi hizi: si upana wa kuficha neno mwana ili pasiwe na ugomvi, wala si upana wa kumbandika mtu mwingine neno hilo kwa nguvu.

Pana pingamizi, nayo ni ya haki. Mwezi Februari 1998, pale Mwembechai, Magomeni, si mbali na Mabibo, ugomvi uliohusu mihadhara ya kulinganisha dini ulifikia polisi na risasi, na watu wakafa. Oktoba 2012 huko Mbagala, Temeke, mabishano ya watoto wawili juu ya Kurani yaliishia kwa umati kuyaharibu makanisa. Wote waliohusika walisema Kiswahili. Wote walimwita Mungu kwa jina moja. Je, lugha ya pamoja iliwafaa nini?

Jibu la kweli ni kwamba lugha hufungua mlango, lakini haimsukumi mtu apite. Tena yapo matumizi mawili ya lugha ambayo yasichanganywe. Mhadhara wa mashindano huyachukua maneno ya pamoja na kuyafanya silaha. Msemaji hulishika neno mwana ili amshinde aliye mbele yake, na hadhira hupiga makofi kama uwanjani. Utenzi hauna mshindani. Mshairi husimulia alichokipokea, akamhimidi Mungu, akaomba dua, akanyamaza. Msikilizaji wa dini nyingine aweza kuusikiliza utenzi wa Enjili kama vile Mkristo awezavyo kuusikiliza utenzi wa Tambuka: hakubali kila kilichomo, lakini hakutukanwa. Kushuhudia ni kazi moja, na kushinda ni nyingine. Kosa la Mwembechai halikuwa kwamba watu walitofautiana juu ya neno mwana. Kosa lilikuwa kwamba neno hilo lilikwisha kuondolewa katika ushuhuda likatiwa katika vita.

Nyerere mwenyewe aliacha kipimo kingine, nacho si cha ushairi. Tarehe 16 Oktoba 1970, akiwahutubia masista wa Maryknoll huko New York, alisema kwa maana hii: ikiwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi yeye hawezi kukubali kumfikiri Mungu aliye fukara, mjinga, mwenye hofu na mwenye kuonewa, ilhali hiyo ndiyo hali ya watu wengi duniani. Maneno haya huzuia neno mwana lisiwe pambo la ibada. Mwana hawezi kuachwa na njaa na watu wanaokiri ubaba wa Baba yake. Anayewatambua watu wote kuwa wa Mungu, lakini anaridhika na mfereji mchafu unaopita mlangoni kwao, ametunga utenzi wenye vina bila mizani.

Kwa hiyo tenzi za Mnyampala na Nyerere zisisomwe kama nakala za Biblia zilizotiwa vina. Zisomwe kama mazungumzo na nyumba zilimotungwa. Thamani yake haipimwi kwa wingi wa majina ya Kiarabu, wala kwa usahihi wa mizani peke yake, bali kwa swali moja: msomaji akifunga kitabu, je, amejifunza kumwona mtu wa chumba cha pili kuwa karibu zaidi na Mungu, au mbali zaidi? Mwanafunzi wa Mabibo anaweza kulijibu swali hilo bila kwenda maktaba. Jioni adhana na kengele hupishana kwa dakika chache. Uani mama mmoja hupepea jiko la mkaa, na wa pili humwomba kaa la kuwashia lake. Aliyeombwa hulitoa, naye hupewa shukrani kwa dua: Mungu akujaalie. Mwenye kupewa dua hiyo huitikia amina, wala haiulizi imetoka chumba gani.